Safari ya Burigi Haianzii Getini

Kila mwaka ifikapo Desemba sisi Wahaya hurudi nyumbani. Mabasi hujaa, nauli hupanda, na kijiji ambacho mwezi Oktoba kilikuwa na wazee na watoto peke yao, ghafla huwa na magari yameegeshwa hadi kwenye migomba. Nami hapa Kagoma hupokea wanangu, wakwe na wajukuu. Tunakula, wale walioruhusiwa na daktari wanaonja rubisi, na usiku tunabishana. Ubishi mmoja wa Krismasi ndio ulionifanya niandike maneno haya.

Wanangu walikuwa wameamua kwamba safari hii wajukuu waione hifadhi ya taifa. Hakuna aliyepinga. Lakini walipofika kwenye swali la wapi waanzie, nyumba ikagawanyika. Mwanangu wa kwanza, mkazi wa Dar es Salaam, alisema waende upande wa Chato, kwa sababu kuna lami, kuna mahali pa kulala, na hata kiwanja cha ndege kipo kwa atakayekuja siku nyingine. Mkwe wangu akasema hapana, waanzie Kisiwa cha Rubondo, ili watoto wapande boti na kuona sokwe. Binti yangu mdogo, aliyewahi kufanya kazi Kigali, akasema kama wanataka maziwa na wanyama kwa pamoja, basi wavuke Rusumo waende Akagera, ambako kila kitu kimepangwa.

Nilipoulizwa mimi nilisema, "Anzieni Burigi, huku kwetu Muleba, juu ya kilima kinachotazama ziwa, kabla hamjafika kwenye geti lolote."

Wakanyamaza. Kisha mwanangu akauliza kwa adabu, "Baba, huko kuna nini?"

Ndugu msomaji, nimekuwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, na mwisho mkuu wa chuo cha ualimu. Nimeulizwa maswali mengi na vijana, mengine ya werevu na mengine ya utundu. Swali hilo la watu wazima, lililoulizwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, lilinichoma kuliko yote. Jioni ile sikulijibu vizuri, kwa sababu nusu ya jibu ilikuwa inanitia aibu. Nalijibu hapa.

Kwanza tuelewane juu ya hifadhi yenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019, pale mapori ya akiba matatu, yaani Biharamulo, Burigi na Kimisi, yalipounganishwa kuwa kitu kimoja. Rais John Magufuli, ambaye kwao kulikuwa Chato, ndiye aliyeizindua, mwezi Julai mwaka huo. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,707, nayo imegusa wilaya tano: Muleba, Biharamulo, Karagwe na Ngara katika Mkoa wa Kagera, na Chato katika Mkoa wa Geita. Mwaka huohuo mkoa wetu ulipata pia hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Mkoa uliokuwa ukisifiwa kwa ndizi, kahawa na senene ukajikuta una hifadhi za taifa tatu kwa mpigo.

Sasa litazameni jina hilo kama wanafunzi wa sarufi. Lina maneno mawili na kistari katikati. Neno la kwanza ni ziwa. Neno la pili ni mji. Ziwa lilikuwepo kabla ya mfalme wa kwanza wa Ihangiro na kabla ya mfalme wa kwanza wa Karagwe. Mji una barabara, ofisi na vitanda. Wageni wote niliowasikia wakipanga safari hii huanza na neno la pili, na wengi wao hawafiki kwenye neno la kwanza. Wanaingia, wanazunguka na gari, wanapiga picha ya pundamilia, wanarudi kulala. Ukiwauliza Burigi ni nini, watakuambia ni jina la hifadhi.

Hoja ya wenzangu ya kwanza ni urahisi wa njia. Juu ya lami, sisi wa Kagoma hatuhitaji kufundishwa. Tumekaa miaka mingi kwenye mwisho wake. Lami iliyotoka mpakani Mutukula ikapita Bukoba ilikuja ikakomea Muhutwe. Baadaye ikasogea hadi kwetu, ikakoma tena. Abiria aliyesinzia alijua amefika Kagoma kwa sababu kiti kilianza kumrusha. Ndipo ikajengwa barabara ya Kagoma, Biharamulo hadi Lusahunga, kilomita 154, nasi tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Wagonjwa wanafika hospitali wakiwa hai, na ndizi zinafika sokoni kabla hazijaiva njiani.

Lakini lami imetufanya tupite haraka mbele ya vitu vyetu wenyewe. Zamani, gari likikwama huko mbele ya Muleba, ulishuka, ukauliza jina la kilima, ukapewa maji ya kunywa, ukaambiwa nyuma ya kilima kile kuna ziwa. Leo kijana anatoka Bukoba hadi Biharamulo akiwa ameinamia simu, na ziwa lote la Burigi limebaki mkono wake wa kulia bila yeye kujua. Urahisi wa njia ni sababu nzuri ya kuchagua basi. Si sababu ya kuamua mtoto aone nini kwanza katika nchi yake.

Sisemi kwamba kila mtu apande vilima. Magoti yangu yenyewe yana umri wa miaka sabini na kitu. Mzee, mgonjwa na mama mwenye mtoto mgongoni waende kwa njia iliyo rahisi, na Mungu awatangulie. Nasema juu ya wale wenye nguvu na gari na siku tatu za likizo, ambao wanaweza kuchagua, na wanachagua kwa uvivu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wanasema, "Burigi hakuna wanyama." Kwanza si kweli. Wapo viboko na mamba majini, wapo nyati, twiga, pundamilia na nyamera. Ni kweli lakini kwamba si wengi kama wa Serengeti, na hawakusubiri barabarani. Mtu aliyelelewa na televisheni, anayetaka simba kabla ya chai ya saa nne, atakasirika. Ila anayesema hakuna wanyama anapaswa kuuliza swali linalofuata: walikwenda wapi?

Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Mwishoni mwa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Benaco, mahali ambapo wengi wetu hatukuwahi kupasikia, pakawa kama jiji. Watu wale walihitaji kuni za kupikia, miti ya kujengea na kitoweo. Pori lilikuwa karibu. Waliporudishwa kwao Desemba 1996, miti mingi ilikuwa imekwisha na wanyama wa Burigi na Biharamulo walikuwa wamepungua vibaya sana. Silaha zilikuwa zimezagaa. Miaka hiyo mabasi ya kwetu yalipita mapori ya Biharamulo kwa msafara, askari wenye bunduki wakiwa ndani, na abiria wakisali kwa madhehebu yote.

Ni rahisi mno kuishia hapo na kuwatwisha wakimbizi mzigo wote. Nimesikia watu wazima wenye elimu wakifanya hivyo kwenye vikao vya kahawa. Mwenye njaa aliyekimbia panga ana udhuru. Sisi tuliokuwa na mshahara tulikuwa na udhuru gani?

Maana nyama ya pori haikuishia kambini. Ilipanda vilima ikaja hadi kwetu. Chuoni nilikokuwa nikifanya kazi, alikuwako kijana aliyekuja na baiskeli usiku wa Jumamosi, kapu limefunikwa majani ya migomba. Hakupiga hodi mbele. Alizunguka nyuma, jikoni. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya nyama ya ng'ombe. Tuliiita "mboga ya Burigi", tukacheka, tukala. Walimu walinunua, wapishi walinunua, na mimi, niliyekuwa na mamlaka ya kumfukuza kijana yule kwa neno moja, nilinunua. Nilijiambia kwamba nikikataa, atauza kwingine. Nilijiambia kwamba mishahara inachelewa. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonisafisha.

Jumatatu asubuhi niliingia darasani kufundisha uraia. Niliwasomesha wanachuo Tamko la Arusha la mwaka 1961, ambamo Mwalimu Nyerere aliahidi, mbele ya ulimwengu, kwamba nchi yetu itawatunza wanyamapori kwa ajili ya watoto wa watoto wetu. Niliwataka waliandike kwa mwandiko mzuri. Nadhani wengine walikuwa bado na mafuta ya nyama ile vidoleni.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1988, kabla ya machafuko hayo, niliwapeleka wanachuo kutembelea hifadhi. Tulichanga miezi minane. Tukapanda meli Bukoba jioni, tukashuka Mwanza asubuhi, tukakodi lori, tukaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Tuliona nyumbu, simba na tembo, na tulirudi tumepauka kwa vumbi na furaha. Niliwapa kazi ya kuandika insha. Nilisahihisha insha zaidi ya arobaini. Hakuna hata moja iliyotaja kwamba kwetu pia kuna pori la akiba na ziwa lenye viboko, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka vijijini kwa baadhi yao. Niliwapa alama za juu. Kosa halikuwa lao. Mwalimu wao ndiye aliyewaonyesha kwamba wanyama wa taifa hukaa kwa watu wengine, ng'ambo ya ziwa. Vijana wale walikwenda kuwa walimu. Wakawafundisha hivyo watoto wa shule za msingi za mkoa mzima. Baadhi ya watoto hao, walipokua, walipelekewa kapu lenye majani ya migomba, wakanunua kama nilivyonunua mimi. Kwa nini wasinunue? Hakuna aliyewaambia kwamba kile kilichomo ni chao.

Hii ndiyo sababu swali la wapi tuanzie si dogo. Mahali mtu anapoanzia ndipo anapojifunza kitu hiki ni cha nani. Ukianza getini, utajifunza kwamba hifadhi ni ya serikali: kuna kizuizi, kuna risiti, kuna askari mwenye sare, nawe ni mgeni. Sitegemei tuondoe geti. Hifadhi bila geti na askari ni shamba la bibi, na tumeshaona mwisho wake. Lakini geti liwe la pili.

Basi, baada ya ubishi wa siku mbili, wanangu walinikubalia, nadhani kwa heshima ya mvi kuliko kwa uzito wa hoja. Tulikwenda kusini-magharibi mwa wilaya yetu, kwa barabara ya vumbi, hadi kijiji kimoja kilichokaa mgongoni mwa kilima. Hatukuvuka mpaka wa hifadhi siku hiyo, wala hatukulipa hata senti. Tulisimama kwenye rweya, nyasi zikiwa magotini, tukatazama chini.

Burigi ni ziwa refu na jembamba, limelala bondeni kati ya vilima kama nguo iliyoanguliwa kutoka kambani. Ng'ambo yake ni nchi ya Karagwe. Niliwaonyesha wajukuu na kuwaambia kwamba mwaka 1861 Speke na Grant, Waingereza waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile, walipita upande ule wakienda kwa Mukama Rumanyika, na ziwa hili likaingia katika vitabu vya Ulaya. Walikuwa wametembea zaidi ya mwaka mmoja kutoka pwani. Sisi tulitumia asubuhi moja kutoka Kagoma, na katika gari lile lote mtu aliyekuwa amewahi kuliona kabla ni mimi peke yangu, nami ni mara mbili tu.

Kisha nikawauliza swali la jiografia: maji haya yanakwenda wapi? Mjukuu wangu wa darasa la sita alinyoosha kidole mashariki, kuelekea Ziwa Victoria, kwa kuwa liko karibu. Jibu lake lilikuwa la akili, lakini si sahihi. Maji ya Burigi huufuata Mto Kagera, huzunguka kaskazini, na kuingia Ziwa Victoria huko mpakani mwa Uganda, kisha hutoka humo kwa Nile hadi Misri. Mtoto yule alikaa kimya akilitazama ziwa. Baadaye akauliza kama kweli maji yale yatafika Misri. Getini hakuna anayeuliza swali hilo. Getini watoto huuliza simba yuko wapi.

Palepale kilimani akatufikia mzee mmoja wa kijiji, mwenye fimbo, akatusalimu. Alinitazama muda mrefu.

"Shikamoo, Mwalimu. Hunikumbuki."

"Marahaba. Macho ya uzee haya, nisaidie."

"Mimi ndiye wa baiskeli. Wa Jumamosi."

Mbele ya wanangu, wakwe na wajukuu! Nilitamani ardhi ya rweya inifunike. Mzee yule, ambaye kwangu alikuwa amebaki kijana siku zote, hakuwa na hasira wala dhihaka. Alisema tu, "Ninyi walimu mlikuwa wateja wazuri, Mwalimu. Mlilipa taslimu."

Mwanangu akaniuliza anazungumzia nini. Nikawaeleza wote, palepale tumesimama, kama nilivyokueleza wewe msomaji. Mzee akaongeza yake. Alisema wenzake wawili walifungwa. Yeye aliacha siku alipokwenda usiku kucha asione hata unyayo. "Sikuacha kwa wema," alisema. "Niliacha kwa sababu hawakuwapo." Siku hizi analima maharage na kufuga nyuki, na jioni nyingine huketi hapo juu kuangalia. Aliwaambia watoto kwamba mwaka 2017, ng'ombe wengi walipoondolewa katika mapori ya akiba ya mkoa wetu, nyasi zilirudi kwanza, na baada ya nyasi akaanza kuona tena pundamilia wakishuka kunywa wakati wa kiangazi. Alionyesha kwa fimbo mahali wanaposhukia. Hatukuwaona siku hiyo. Lakini watoto walipatazama mahali pale kwa makini zaidi kuliko wengine wanavyomtazama simba.

Kesho yake tuliingia kwa geti, tukalipa, tukapewa mwongozaji kijana mwenye ujuzi na adabu. Tuliona twiga, tuliona nyamera, tulisikia viboko. Mjukuu wangu kila mara alikuwa akimuuliza mwongozaji, "Na hawa walirudi lini?" Mwongozaji alishangaa, akasema wageni hawamuulizi hivyo.

Nimalize na wale wa Rubondo na Akagera, wasije wakasema nimewakwepa.

Rubondo ni pazuri. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, ina misitu ambayo bara tumeimaliza, na nzohe wake ni wa asili. Lakini sokwe ambao mkwe wangu aliwataka ni wazao wa sokwe 17 walioletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, katika mpango wa Profesa Bernhard Grzimek na shirika lake la Frankfurt. Tembo na twiga nao waliletwa. Ni kazi ya kusifiwa. Ila mtoto akianzia hapo, atadhani wanyama ni kitu kinacholetwa na watu wa mbali kwa meli kikawekwa kisiwani, mbali na sisi waharibifu. Aanze Burigi, aelewe jinsi kitu kinavyopotea na kurudi mikononi mwa watu wa kawaida. Rubondo aende mwaka wa pili, na ataifurahia zaidi.

Akagera nayo ni ndugu wa Burigi. Ilianzishwa mwaka 1934, ina maziwa mengi, na wageni wengi huingia kwa upande wa kusini, karibu na Ziwa Ihema, ambako boti huwasubiri. Nayo iliumizwa na mwaka 1994: simba wake walikwisha, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya ardhi yake ilikatwa ili waliorejea nchini wapate pa kuishi. Leo simba wamerudi, tangu 2015, na faru weusi tangu 2017. Binti yangu ana haki ya kuisifu. Lakini nilimuuliza: unakwenda Rwanda kujifunza kwamba kilichoharibiwa kinaweza kupona, na hapa nyumbani ungali unauliza kuna nini? Wenzetu hawakuanza kwa kuwa na wanyama wengi. Walianza kwa kuyajali maziwa yao yakiwa matupu.

Walimu wakuu wa Muleba na Bukoba, nawaambia kama mkosaji mwenzenu. Kabla hamjachangisha wazazi fedha za kwenda Serengeti, wapelekeni watoto juu ya kilima waone Burigi. Haihitaji viingilio; inahitaji lori, maji ya kunywa na mzee mmoja wa kijiji atakayesema kweli. Waandike walichokiona na wasichokiona. Ndipo muwapeleke getini, na wakifika pale watapita kama wenye nyumba wanaoingia kwa utaratibu, hawatapita kama wageni waliobahatika.

Nanyi wanangu mnaorudi Desemba na magari yenu, msiniambie tena kwamba kwetu hakuna kitu. Semeni kwamba hatukutunza. Hilo nitalikubali, na jina langu liandikeni la kwanza. Mzee wa baiskeli bado yupo kilimani, ana asali ya kuuza. Sisi tulinunua lita tano, tukalipa taslimu, mchana kweupe.